Kueleza umbo la ua: kwa wanaoanza kukusanya mimea Tabora

Ndugu mnaoanza kukusanya mimea katika misitu na mashamba ya Tabora, jambo lililonichelewesha zaidi katika mwaka wangu wa kwanza ni kukimbilia jina la umbo kabla ya kulichunguza ua lenyewe. Kila ua lililoinama niliandika kuwa ni kengele, hata yale ambayo petali zake, yaani vijani vya rangi vya ua, hazikuungana, na daftari zima likarudishwa.

Kwanza chunguzeni kama petali zimeungana au kila moja hung'oka peke yake, kisha kama ua hutoa nusu zinazolingana kwa mikato mingi au kwa mkato mmoja tu. Petali tano za tumbaku zimeungana kuwa mrija mrefu unaopanuka mdomoni, na kwa hiyo umbo lake ni la faneli. Mtalipata ua hilo kwenye mimea iliyoachwa kwa ajili ya mbegu, maana mingineyo wakulima huikata vichwa ili nguvu iende kwenye majani.

Mwalimu bora, kwa maoni yangu, ni ua la kunde. Fikeni shambani mapema, kwa kuwa hufunguka asubuhi na kufikia adhuhuri huwa limekwisha kujifunga. Petali kubwa iliyosimama nyuma huitwa bendera, mbili za ubavuni ni mabawa, na mbili za chini, zilizoshikana ukingoni kama mbao za chombo, ni mkuku. Ufungueni mkuku taratibu kwa ncha ya sindano, nanyi mtaona stameni kumi, yaani nyuzi za kiume zenye chavua, tisa zikiwa zimeungana na moja ikiwa huru. Umbo hilo ni la kipepeo, na hugawanyika sawasawa kwa mkato wa wima pekee.

Alizeti si ua moja bali ni kichwa chenye maua mengi madogo. La ukingoni lielezwe mbali na la katikati.

Mti uitwao mtundu huwashinda wengi, kwani petali za maua yake ni ndogo mno au hazipo kabisa, na mara nyingi ni mvumo wa nyuki unaokujulisha kwamba mti umechanua. Hapo msilazimishe jina la umbo. Hesabuni stameni na mwandike mlichokiona.

Maelezo haya yaandikwe siku hiyohiyo, kabla ya kubana sampuli kwenye magazeti, kwa sababu ua likikauka huwa bapa, na faneli haitofautiki tena na mrija. Mimi huhifadhi pia maua mawili matatu katika kichupa cha spiriti, ambamo rangi hupotea lakini umbo hubaki.