Kila akikasirika anaulizwa kama amemeza dawa

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu wa kiume ni fundi wa simu Kongowea. Mwaka jana alianza kusikia sauti, usiku halali. Tukampeleka hospitali, daktari akasema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili. Alhamdulillahi, dawa zimemkubali, amerudi kazini. Lakini juzi alifoka nyumbani kwa sababu ya mteja aliyechukua simu bila kulipa, mama akamkatiza: "Umemeza dawa leo?" Akanyamaza, akaingia chumbani, hakula. Watoto wa mtaani nao humwita chizi. Je, ingekuwa heri tusingempeleka, asipewe jina hilo la ugonjwa?
Dada mtu, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mlifanya vyema kumpeleka. Daktari asingeutambua ugonjwa, asingejua dawa ya kumpa, na leo mdogo wako asingekuwa kazini.

Linaloniuma ni swali la mama, kuliko hata matusi ya watoto. Nimekuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili miaka mingi. Mgonjwa akicheka, tunaandika kwenye faili. Akikataa uji uliopoa, tunaandika pia. Mwaka 1973 David Rosenhan, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza jinsi watu 8 wenye akili timamu, yeye akiwemo, walivyodai wanasikia sauti wakalazwa. Walipokwisha kuingia wodini wakaacha kujifanya, lakini hata kule kuandika kwao daftarini, asema, kulihesabiwa dalili. Utafiti wake umetiliwa shaka sana baadaye. Hilo la daftari mimi silibishi, maana nimelitenda kwa mkono wangu.

Mdogo wako amedhulumiwa jasho lake, nani asingefoka? Akijibiwa kwa dawa, anajua neno lake halina uzito tena nyumbani. Hapo wengi huanza kuficha. Sauti zikirudi hasemi, na vidonge huviona ndivyo vinavyomwaibisha, akaviacha. Hilo ndilo la kuogopa.

Kubalianeni naye saa maalumu ya dawa na mtu mmoja wa kumkumbusha, nadhani wewe. Nje ya saa hiyo zisitajwe. Dalili za kweli unazijua, uliziona mwaka jana: kukesha, kumjibu asiyeonekana. Ukiziona, mrudisheni kliniki upesi. Mama usimgombeze, ana hofu ya mzazi. Mweleze mkiwa wawili tu. Wazazi wa wale watoto nao waendee, kwa upole.

Na yule mteja bado hajalipa. Jioni mdogo wako akirudi, muulize anamdai shilingi ngapi, kisha mfuatane mkadai.