Mzee wa Risasi Anajibu: Mbao, Mkasi na Afisa wa Posta

Toleo lililopita niligusia majarida ya wasanii na washairi wa Ujerumani wa mwanzo wa karne ya 20, ya kina Der Sturm na Die Aktion, nikidhani ni mimi peke yangu ninayehangaika na karatasi zilizogeuka rangi ya chai. Kumbe tuko wengi. Barua zimejaa, kurasa ni zilezile, kwa hiyo nimechagua chache. Kwa wageni wa safu hii: sijawahi kumpiga mtu risasi. Risasi yangu ni ile inayoyeyushwa ikawa herufi. Nilizipanga kwa vidole miaka 31, moja moja, kinyumenyume, mpaka kompyuta ilipokuja kuniambia nikapumzike.

Nianze na aliyenikosoa.

Mzee, shikamoo. Uliandika kwamba Herwarth Walden ndiye aliyelipa jarida lake jina la Der Sturm, yaani Dhoruba. Mimi nimesoma kwamba ni mkewe. Tumwamini nani? – Mwalimu wa fasihi

Marahaba, mwalimu. Uaminiwe wewe. Jina lilitoka kwa Else Lasker-Schüler, mshairi, aliyekuwa mkewe wakati huo. Tena hakuishia kwenye jarida. Hata hilo "Herwarth Walden" alimbandika yeye. Mwenyewe alizaliwa akiitwa Georg Lewin. Toleo la kwanza lilitoka Berlin tarehe 3 Machi 1910. Mwaka 1912 ndoa ikavunjika, na bwana akabaki na majina yote mawili.

Mama huyu alikuwa na mkono wa majina. Aliandika riwaya aliyoiita Der Malik, na neno hilo sisi halitupeleki kwenye kamusi. Sehemu zake zikatoka kwenye jarida jingine, Neue Jugend, na kampuni ya uchapishaji iliyozaliwa hapo ikaitwa Malik-Verlag. Kosa lilikuwa langu, nimeliandika kwa kalamu nyekundu.

Mzee wetu, heshima yako. Nasomea usanifu wa michoro. Mkufunzi ametuonyesha kurasa za Der Sturm, michoro kama imechongwa kwa shoka. Yeye anasema walichonga mbao kwa sababu ya umaskini. Mwenzangu anasema ilikuwa falsafa. Halafu kuna ukurasa wa msanii Kokoschka, mwanamume ameshika kisu juu ya mwanamke. Nao ni mbao? – Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Mwanangu, nianze na mwisho. Ule ukurasa wa Kokoschka, wa tarehe 14 Julai 1910, uliowekwa pamoja na tamthilia yake, si mbao. Ni mchoro wa kalamu na wino. Ulihamishiwa kwenye bati la zinki, tindikali ikala pasipo na mstari, na mistari ikabaki imesimama. Watu wengi wakiona ukali hudhani ni patasi.

Chukua lenzi utazame. Mstari wa kalamu huanza mwembamba, ukanenepa pale mkono ulipokandamiza, ukaisha kwa ncha. Kwenye mbao kisu hakifuati mstari mweusi. Kinaondoa cheupe, kwa hiyo ncha kali utaziona kwenye weupe: vijikato kama mbegu za mpunga, kila kimoja kimeanza kwa ncha na kuishia kwa ncha. Na pale mchongaji alipokwangua eneo kubwa, lazima atabakiza matuta madogo yasiyofika chini. Rola ikipita inayagusa, nayo yanajichapa kama mikwaruzo katikati ya weupe. Mchongaji wa kizamani angeyaona aibu akayafuta. Kina Kirchner, Heckel na Schmidt-Rottluff, wa lile kundi la wasanii la Die Brücke lililoanzia Dresden mwaka 1905, waliyaacha makusudi. Wakati mwingine weusi wenyewe unaonyesha mishipa ya mti.

Sasa, umaskini au falsafa? Mimi nasema ni mtambo, na hapa nitakaa kidogo.

Mtambo wa chapa wa enzi hizo hufanya kazi kama mhuri: kilichoinuka kinashika wino, kilichozama kinabaki cheupe. Herufi za risasi za Kijerumani zilikuwa na urefu mmoja, takriban milimita 23.56 kutoka mguu hadi uso. Ubao ukirandwa ukafika urefu huohuo, unaupanga kando ya herufi ndani ya fremu ileile ya chuma, unakaza kabari, unapaka wino mara moja, unachapa mara moja. Shairi na picha vinazaliwa kwa pigo moja. Hakuna fundi wa kati.

Picha ya kamera haikuwa hivyo. Ilihitaji kugeuzwa nukta nukta kwenye bati, kazi ya mafundi wengine kwa malipo mengine, na ilidai karatasi laini. Der Sturm la mwanzo lilikuwa kubwa kama gazeti na karatasi yake ya gazeti. Ukichapa nukta laini juu ya karatasi ya namna hiyo, wino unajaa katikati, sura ya mtu inakuwa tope. Mbao zenye weusi mpana na weupe mpana zinaivumilia karatasi mbaya, na naona hata zinaipenda.

Kwa hiyo mkufunzi wako ana robo ya ukweli. Robo tu, kwa sababu ufundi wa picha za rangi ulikuwepo Ujerumani ileile. Jarida la Simplicissimus la München lilikuwa likizichapa tangu 1896, tena vizuri sana. Kina Walden walijua walichokuwa wanakiacha. Na walichopata kilikuwa kikubwa: pale jarida lilipoandika chini ya picha "vom Stock gedruckt", yaani imechapwa kutoka kwenye ubao wenyewe, msomaji wa kawaida alikuwa ameshika kazi halisi ya msanii. Septemba 1912 mchoraji Franz Marc alilitengenezea jalada, chapa ya mbao iitwayo Versöhnung, Upatanisho, kwa ajili ya shairi la yuleyule Lasker-Schüler. Aliyenunua jarida wiki ile alienda nyumbani na Franz Marc mkononi.

Usidhani kufunga ubao na risasi pamoja ni jambo jepesi. Nilipokuwa mwanagenzi niliufuta ubao kwa kitambaa chenye maji badala ya mafuta ya taa. Usiku ukavimba. Asubuhi ulikuwa umepita herufi kwa unene wa karatasi mbili hivi, na mimi sikuupima. Pigo la kwanza likatoboa karatasi, la pili likaupasua ubao kufuata mshipa. Msimamizi hakunigombeza. Alinipa vile vipande viwili nikae navyo.

Bwana Mzee wa Risasi, mimi ni mwandishi wa habari. Hawa watu waliwezaje kuchapa katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati jeshi lilikuwa linakagua kila kitu? – Msomaji wa siku nyingi

Kwa ujanja, ndugu yangu, na wengine hawakujaribu. Hilo Simplicissimus nililolisifu sasa hivi, ambalo mwaka 1898 mchoraji wake Thomas Theodor Heine alifungwa kwa kumdhihaki Kaizari, Agosti 1914 liligeuka likapiga ngoma ya vita pamoja na wengine.

Franz Pfemfert hakugeuka. Die Aktion yake ilikuwa imeanza Berlin Februari 1911, ya kisiasa hasa, kali. Vita ilipofika akawatangazia wasomaji kwamba kwa sasa jarida litachapa fasihi na sanaa tu. Mkaguzi akapumua. Pfemfert akaanza kuchapa mashairi ya askari waliokuwa mstari wa mbele, na shairi la mtu aliyelala kwenye handaki na maiti halihitaji maoni ya mhariri. Mwaka 1915 akaongeza safu aliyoiita Ich schneide die Zeit aus, yaani ninazikata zama hizi kwa mkasi. Humo hakuandika kitu. Alikata vipande vya magazeti mengine, mahubiri ya kubariki mizinga, maprofesa wakishangilia damu, akavibandika kama vilivyo na jina la gazeti vilikotoka. Ukimfungia, unafungia maneno ambayo mkaguzi mwenyewe alishayapitisha kwingine. Katika miaka yangu ya kazi nimeona wahariri wengi werevu. Huyu nampa kiti cha mbele.

Wieland Herzfelde alipita mlango mwingine. Jarida jipya lilihitaji kibali, na kibali kwa kijana kama yeye kilikuwa ndoto. Basi akanunua jarida la wanafunzi lililokuwa limelala, Neue Jugend, pamoja na kibali chake. Ndiyo maana toleo lake la kwanza, la Julai 1916, ni namba 7. Wakutubi wengi wamelitafuta namba 1 lake wasilione. Kakaye ndiye John Heartfield, aliyezaliwa Helmut Herzfeld akajipa jina la Kiingereza wakati Wajerumani wakiomba Mungu aiadhibu Uingereza. Kurasa za mwaka 1917 alizozipanga yeye nikizitazama vidole vinaniwasha: mistari imelala, mingine imesimama wima, rangi juu ya rangi, na vile vipicha vya matangazo ambavyo kila kiwanda cha chapa kilikuwa navyo kwenye droo, amevitawanya ukurasani kama mtu aliyeangusha trei. Kazi kama ile kuifunga kwenye fremu ni mateso. Mpangaji wa herufi aliyepewa kazi ile hatajwi popote. Nampa pole mimi.

Vita ikaisha, jamhuri ikaja, na mkaguzi hakwenda mbali. Tarehe 15 Februari 1919 ndugu hawa walitoa Jedermann sein eigner Fussball, kila mtu na awe mpira wake mwenyewe. Ukurasa wa mbele ulikuwa na upepeo, na kwenye kila ubavu wake kichwa cha mkubwa wa serikali kilichokatwa kwenye picha, na swali: nani mzuri kuliko wote? Walilitembeza mitaani Berlin na bendi ya matarumbeta, wamevaa kofia ndefu kama wanazika tajiri. Kwa kumbukumbu za Walter Mehring, aliyekuwemo, waliuza nakala 7,600 kabla polisi hawajawakamata. Likapigwa marufuku. Ni toleo moja tu, hakuna la pili.

Majibu mafupi

Aliyeuliza maana ya Merz, jarida la Kurt Schwitters la Hannover (1923 hadi 1932): haina maana. Mwaka 1919 alikuwa anabandika karatasi chakavu kwenye picha, na kutoka tangazo la benki lenye neno Kommerz kikabaki kipande cha mwisho. Ukipata Merz 11 la mwaka 1924, linalohusu uchapaji wa matangazo, utaona wino wa Pelikan umetangazwa humo kwa kurasa kadhaa. Alikuwa anapinga sanaa ya mabwanyenye huku akiuza wino, na matangazo yenyewe ni mazuri mno.

Aliyeuliza pa kuyaona: Chuo Kikuu cha Princeton kimeliweka Der Sturm mtandaoni katika mradi wa Blue Mountain, na yale ya Dada (si ndugu wa kike, ni vuguvugu la wasanii waasi wa enzi hizo, kina Heartfield) yako kwenye hazina ya Dada ya Chuo Kikuu cha Iowa. Bure yote.

Aliyeuliza waliishiaje: Walden alihamia Moscow mwaka 1932, akakamatwa 1941, akafia gerezani Saratov mwaka huohuo. Lasker-Schüler alifariki Jerusalem 1945. Pfemfert alifia Mexico 1954, baada ya kuishi kwa kupiga picha.

Shikamoo babu. Mimi naandika mashairi. Nimekutana na August Stramm wa Der Sturm, nikajaribu kumtafsiri: "Mawe ni maadui." Marafiki wanasema ni kavu. Nimekosea wapi? – Mjukuu wako wa kalamu

Marahaba mjukuu. Kwanza umjue mtu mwenyewe. Stramm alikuwa afisa wa posta, msomi, aliyeandika tasnifu ya udaktari juu ya nauli moja ya barua kwa dunia nzima. Mashairi yake Walden aliyachapa kuanzia 1914. Aliuawa upande wa mashariki tarehe 1 Septemba 1915, akiwa na miaka 41. Mimi nadhani posta ilimfunza: kwenye telegramu neno ni pesa.

Mstari wako ni wa shairi la doria, Patrouille, la mwaka 1915. Kwa Kijerumani ni "Die Steine feinden". Feind ni adui, nomino, nayo ameifanya kitenzi. Wewe ukaweka "ni", na mawe yakakaa kitako yakatulia. Yake hayajatulia, yanafanya uadui wakati askari anapita.

Na Kiswahili kinakuruhusu kuliko unavyodhani. Vitenzi vyetu vyenye asili ya Kiarabu, kama rudi, fikiri, samehe, havidai a mwishoni. Basi adui naye mpe kiambishi aende: "Mawe yanaadui." Masikio yatashtuka kidogo, na ya Wajerumani yalishtuka vilevile. Nilijaribu kuufupisha zaidi nikapata "mawe yaadui", lakini msomaji wa haraka ataona "mawe ya adui", na shairi lote litahamia upande wa pili wa mapigano. Bakiza hiyo na.

Mstari wa pili, "Fenster grinst Verrat": "Dirisha lakenua usaliti." Wa tatu, "Äste würgen", usiandike "matawi yananyonga", ni marefu, yanakupa muda wa kukimbia. "Matawi yakaba."

Mstari wa mwisho una neno moja, Tod, silabi moja. Mauti ina tatu, kifo mbili. Nimeweka kifo.