Kwa mnaokuja fildi: docker search haikuambii unachotaka kujua

Kila msimu wa fildi kosa ni lile lile, ila mwaka huu mmenizidi. Kijana anaambiwa aweke databezi kwenye seva ya majaribio. Anaandika `docker search mysql`, yaani Docker imtafutie imeji (programu iliyofungashwa tayari kuwashwa) kwenye ghala la mtandaoni la Docker Hub, anaona mstari wa kwanza, anavuta, anashuka kunywa chai. Akirudi: "Kaka, tayari." Tayari toleo gani? Kimya. Anatazama skrini, ananitazama mimi, anatazama tena skrini.

Basi naandika mara moja, atakayekuja mwakani nimtumie hii. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba inatosha, nisiongezewe na kugomba.

1. Soma kilichopo, kisha jiulize ni nini hakipo. Amri ile inakupa jina, maelezo yaliyokatwa katikati, nyota, na `[OK]` kwa imeji rasmi. Hakuna tegi (lebo ya toleo), hakuna tarehe, hakuna ukubwa. Ni gunia la lumbesa: viazi vya juu umeviona, vya chini utakutana navyo nyumbani. Weka `--no-trunc` maelezo yaje yote. Na mkiyapata, wadogo zangu, yasomeni. Tafuteni `centos`, mfumo endeshi wa familia ya Linux, muone: nyota maelfu, `[OK]` imekaa pale, na maelezo yenyewe yanaanza na neno DEPRECATED kwa herufi kubwa. CentOS 8 iliachwa mwisho wa 2021, CentOS 7 ikafuata tarehe 30 Juni 2024. Juzi hapa mtu kanijengea mfumo mzima juu yake. Nilipomuuliza kwa nini, akasema ina nyota nyingi. Nyota hizo watu walizitoa enzi zile na hakuna anayerudi kuzichukua.

2. Chuja: `--filter is-official=true`, au `--filter stars=100` kama unachotafuta hakina imeji rasmi. Bila kuchuja utaletewa mistari 25, na ukiweka `--limit 100`, ambayo ndiyo juu kabisa, utaletewa takataka mara nne. Jina lenye mkwaju (/) lina mbele yake akaunti ya mtu au kampuni, kwa hiyo uliza ni nani. Mwaka 2018 akaunti moja iliyojiita docker123321 ilikutwa na imeji 17, nyingine zikiwa na majina ya heshima kabisa kama tomcat na mysql, kumbe ndani zinachimba sarafu ya kidijitali ya Monero kwenye seva za watu. Mpaka zinaondolewa zilikuwa zimevutwa zaidi ya mara milioni 5. Waliovuta si wajinga. Waliona jina wanalolijua wakabonyeza Enter.

3. Tegi. Hapa ndipo mtanivumilia.

Mwaka huo huo wa 2018 nilikuwa nahudumia chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa upande wa Mbozi. Mfumo ulioandikwa kwa lugha ya PHP, wa zamani hata kwa wakati ule: mkulima analeta gunia, karani anapima, kilo zinaingia, stakabadhi inatoka. Wakati naujenga nilifanya kama mnavyofanya. Nikatafuta, nikaona mysql ina `[OK]`, nikaandika kwenye faili la compose, lile linaloiambia Docker iwashe nini, `image: mysql`. Nukta. Docker yenyewe ikaongeza tegi ya `latest` nyuma yake, na wakati ule `latest` ilikuwa 5.7. Kila kitu kikaenda vizuri, na hapo ndipo kosa hupata pa kulala.

Aprili MySQL 8.0 ikatoka rasmi, `latest` ikahamia huko. Mimi nikaja kugundua katikati ya msimu wa kahawa, asubuhi niliyoamua, bila kuombwa na mtu yeyote, "kusasisha kidogo". `docker-compose pull`, halafu `up -d`. Kontena, yaani imeji ikiwa kazini, likawaka kijani. Nikafungua mfumo, nikakuta `Server sent charset (255) unknown to the client`. PHP yangu kongwe ilikuwa haijawahi kusikia seti ya herufi ya 8.0.

Nje magunia yamepangwa, wakulima wamesimama. Nikafanya kile ambacho mtu mwenye hofu hufanya: nikaandika `mysql:5.7` nirudi nilikotoka. Ikakataa kuwaka. Ile 8.0, ilipoamka mara moja tu, ilishabadilisha mpangilio wa data ndani ya voliyumu (hifadhi ya data inayobaki hata kontena likiondolewa), na kurudi nyuma kutoka 8.0 kwenda 5.7 hakuruhusiwi. Nikafuta voliyumu, nikarudisha bakapu. Bakapu ilikuwa ya wiki iliyopita.

Katibu wa chama, mama mmoja mpole, alikuja akasimama nyuma yangu akauliza taratibu: "Mwanangu, kwa hiyo mashine imesahau watu?" Nikamjibu ndiyo, mama, imesahau. Hakugomba. Alileta boksi la nakala za kaboni, akakaa, akaanza kunisomea jina na kilo, jina na kilo, mimi naingiza. Tulimaliza usiku. Ningeona heri angegomba.

Kinachoniuma zaidi nilikuja kukijua baadaye. Mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva, `character-set-server=utf8`, ungeifanya 8.0 ielewane na PHP ile, na data yote ilikuwa bado ipo. Niliifuta mwenyewe kwa haraka zangu.

Kwa hiyo tegi andika, na bakapu chukua kabla hujagusa chochote. Kuziona tegi bila kufungua kivinjari, tumia programu ndogo ya skopeo: `skopeo list-tags docker://docker.io/library/mysql`, au kama unatumia Podman, mbadala wa Docker, `podman search --list-tags docker.io/library/mysql`. Podman nayo hukata kwenye 25, ongeza `--limit`.

4. Prosesa. Wenye Mac za M1 kwenda juu, `mysql:5.7` rasmi haina toleo la arm64, aina ya prosesa ya mashine hizo, kwa hiyo msinipigie simu usiku na kosa la `no matching manifest`. `docker manifest inspect` inakuonyesha kabla hujavuta.

5. Ingia kwa `docker login` hata kama imeji ni ya wazi. Asiyeingia anahesabiwa kwa anwani ya IP, mivuto 100 kwa saa sita, na ofisi nzima tunatoka kwa anwani moja. Mmoja wenu alifunga jengo zima na `toomanyrequests` kwa sababu skripti yake ilikuwa inavuta upya kila inaposhindwa. Nilimpenda kwa bidii yake.

6. Bando. Imeji moja ikishavutwa, wengine wanne msiivute tena kila mtu kwa simu yake. `docker save -o mysql80.tar mysql:8.0`, flashi, halafu `docker load -i mysql80.tar` kwenye mashine nyingine. Flashi ya kazi hiyo ipo kwenye droo yangu, ya chuma, imeandikwa IMEJI kwa maka nyekundu. Ilikuwepo, kwa kweli. Aliyeichukua kujazia singeli airudishe kabla ya Ijumaa, tar zangu zikiwa humo.