Maswali na majibu: moyo, presha na meseji za "tuma kwa wote"

Wiki hii karibu maswali yote yameanzia kwenye simu, kwa hiyo nimeyaweka pamoja.

Nimetumiwa klipu inasema ukipata shambulio la moyo ukiwa peke yako, ukohoe kwa nguvu mfululizo utapona. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Si kweli. Meseji hii ilikuwa inazunguka kwa barua pepe tangu 1999, na American Heart Association ya Marekani imeshasema haikubaliani nayo. Kifua kikibana, maumivu yakapanda shingoni, kwenye taya au mkono wa kushoto, na jasho likakutoka bila sababu, mwite jirani, tafuteni gari, mwende hospitali. Usiendeshe mwenyewe. Usingoje kupambazuke.

Mama ana presha. Kwenye grupu la familia ilitumwa dawa ya kitunguu saumu, tangawizi na limau. Ameinywa wiki tatu, ameacha vidonge na anajisikia vizuri kabisa. Aendelee? (Msomaji, Tanga)

Arudie vidonge, na aende kliniki wiki hii hii. Hilo la "anajisikia vizuri" ndilo linalonitia hofu. Presha haiumi. Mtu anaweza kuwa na 180 kwa 110 akapika, akafua, akaenda sokoni, na asubuhi akaamka mdomo umepinda na mkono hauinuki. Kitunguu saumu kinaweza kushusha presha kidogo, sikatai, ale kwenye mboga. Lakini hakishiki nafasi ya dawa. Na dawa kama atenolol ukiikata ghafla, presha inaweza kuruka juu na moyo kwenda mbio.

Muulize pia kwa upole kwa nini aliacha. Wengi wanaacha kwa sababu miguu imevimba kwa amlodipine, moja ya vidonge vya presha, au hela imekata, na wanaona aibu kumwambia daktari. Miguu ikivimba dawa hubadilishwa. Hela ikikosekana, daktari aambiwe, zipo dawa za bei nafuu.

Mkimpima nyumbani, akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, awe ameshakwenda haja ndogo. Pimeni mara mbili, mwandike namba. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi siku baada ya siku, hiyo ni presha, hata kama anacheka. Na angalieni mwisho wa meseji ile ya kwenye grupu: mara nyingi kuna namba ya simu ya muuzaji.

Nina presha ya kushuka, nitumie dawa gani? (Wasomaji wengi)

Umepima? Namba ni ngapi? Kizunguzungu si kipimo. Swali hili likija bila namba sitalijibu tena.

Mtu akipata kiharusi, tumchome vidole kwa sindano damu itoke?

Hapana, mnampotezea muda. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kumbukeni dalili zilianza saa ngapi, na msimpe maji wala chakula.

Chumvi ya pinki ni salama kwa wenye presha?

Ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na vile vipande vya kuungia supu.

Mwanangu wa miaka 9 akicheza kidogo anahema na moyo unadunda sana. Aliugua tonsesi mara nyingi. Mtandaoni wameniambia ni upungufu wa damu, nimpe juisi ya rozela. (Mama, Geita)

Mama, acha kwanza juisi. Tonsesi za bakteria zisipotibiwa vizuri zinaweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu valvu za moyo, ile milango inayopitisha damu. Ugonjwa huu unaumiza watoto wengi kwetu, lakini haumo kwenye klipu kwa sababu hakuna anachouza mtu. Damu ipimwe, ndiyo, lakini daktari asikilize moyo na aombe kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Ikithibitika, mtoto huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi ili valvu zisizidi kuharibika. Akihitaji upasuaji, omba rufaa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili inatibu watoto wa aina hii. Akianza kuvimba miguu au kushindwa kulala chali, usingoje rufaa, mpeleke hospitali usiku huo huo.