"Lete Nikuwekee": Pesa Anazopewa Mtoto Ni za Nani?

Nilikulia Unguja, na Idi kwetu ilikuwa siku nne. Asubuhi ya kwanza, tukishavishwa nguo mpya na kupakwa wanja, tulipita kwa shangazi, kwa wajomba, kwa majirani, kupokea mkono wa Idi, yaani pesa za sikukuu. Jioni ilikuwa ya kiwanja cha Mnazi Mmoja: bembea, mabaluni, urojo, na vumbi lililotimuliwa na watoto wa mji mzima. Baina ya asubuhi na jioni palikuwa na chumba cha mama. Mama amekaa kitandani, amenyoosha kiganja: "Lete nikuwekee."

Tulimpa sote. Alituachia kidogo ya kwendea kiwanjani, nyingine akazifunga kwenye pindo la kanga. Hatukuziona tena wala hatukuuliza, maana kumuuliza mzazi habari ya pesa ni kukosa adabu. Leo najua zilikwenda kwenye mchele na mafuta ya taa. Mama alikuwa na watoto sita na mume aliyekuwa baharini miezi kwa miezi, na mimi simlaumu kwa shilingi hata moja. Lakini nakumbuka pia kwamba nilipofika miaka kumi nilikuwa nimeshajua kuficha. Noti mbili nilizitia ndani ya soksi kabla sijaingia chumbani, kisha nikamwangalia mama usoni na kumwambia, "Ni hizi tu." Nilimpenda mama yangu kuliko mtu yeyote duniani, na nilimdanganya kila Idi.

Nikaja kufanya yaleyale. Binti yangu wa kwanza alizaliwa Dar es Salaam mwaka 2012. Siku ya arobaini yake watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, na kila aliyempakata alimwachia kitu kifuani. Usiku, wageni walipoondoka, mimi na baba yake tulihesabu shilingi 187,000. Wiki ile mwenye nyumba alikuwa anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hatukujadiliana hata dakika tano. Pesa za mtoto zilikwenda kwenye kodi, na tukaambiana kwamba na yeye si analala humohumo ndani?

Hoja hiyo naisikia mpaka leo kwa wazazi wenzangu, na inaonekana ina nguvu: mtoto anakula kwangu, anavaa kwangu, kwa hiyo kinachoingia kwake ni changu. Mimi nimeacha kuikubali. Chakula, malazi, ada na sare ni wajibu wangu niliouchukua siku niliyoamua kuzaa. Mtoto hadaiwi shukrani ya kodi, na mimi siwezi kumdai alipie. Tukianza kumkatia mtoto wa siku arobaini gharama za malazi, hatutajua pa kukomea.

Jambo lingine ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini ni la marudisho. Kwetu zawadi huenda na kurudi. Aliyempa mwanangu zawadi leo, kesho ana akika ya mjukuu wake na mimi lazima nionekane. Kwa hiyo, wanasema, pesa ile ni mkopo wangu mimi mzazi, nami ndiye nitakayeulipa. Kuna ukweli hapa, na sitaki kuupuuza, kwa sababu kwenye mji wetu mtu asiyerudisha hupoteza watu. Ila marudisho hayo huyatoi yote kwa mkupuo. Utayatoa kidogo kidogo kwa miaka kumi, kutoka mfukoni mwako, kwa ajili ya heshima ya nyumba yako. Andika tu nani alitoa kiasi gani, ili siku yake ikifika usiaibike. Kumbukumbu ya deni iwe yako, na pesa iwe ya mtoto.

Lakini si kila noti inayoingia chumba cha mzazi ni ya mtoto. Anayekuja kumwona mama aliyejifungua akamwekea kitu chini ya mto na kusema "ya sabuni" au "ya supu," huyo amempa mama, na mama aitumie bila kusita kwa sababu mwili wake unaihitaji. Mchango wa sherehe ya kipaimara au komunyo ya kwanza ni wa chakula, viti na turubai. Ukibaki, wenye kamati waseme. Bahasha iliyoandikwa jina la mtoto, noti aliyoshikishwa mkononi, mkono wa Idi, pesa aliyorushiwa kwa simu na mjomba aliye Muscat ikaja na maneno "mpe mwanangu sikukuu": hizo ni zake. Ukiwa na shaka, muulize mtoaji palepale. Mimi huuliza, "Hii ya mtoto au ya mama?" Hakuna aliyewahi kunikasirikia.

Hizo za kwenye simu ndizo zinazopotea upesi zaidi. Inaingia elfu ishirini ya mtoto, inakuta elfu nane yako, kesho unanunua umeme na keshokutwa unakata kifurushi, na mwisho wa wiki hujui ipi ilikuwa ipi. Nimejizoeza kuihamisha siku ileile iliyofika. Nikishindwa, basi angalau naiandika kabla sijalala.

Kuandika kwenyewe nilikujua kwa aibu. Mwaka 2019 binti yangu alikuwa na miaka saba. Shangazi yake alikuwa akimsimulia siku ya arobaini yake, jinsi alivyolia alipobadilishwa nguo, jinsi babu alivyomtunza noti ya elfu kumi mpyampya. Mtoto akaja jikoni nilikokuwa nakuna nazi. "Mama, ile elfu kumi ya babu iko wapi?" Babu alikuwa ameshafariki. Mtoto hakuwa anataka pipi. Alitaka kitu cha babu yake.

Ningeweza kumwambia ipo benki. Maneno yalikuwa yameshanijia mdomoni. Nikakumbuka soksi. Nikamwambia tuliitumia kulipa kodi kwa sababu tulikuwa na shida, kwamba hatukumwomba ruhusa kwa kuwa alikuwa mchanga, na kwamba tutairudisha yote. Akauliza yote ni ngapi. Nikashangaa kwamba nilikuwa nakumbuka mpaka elfu saba ya mwisho. Jioni baba yake aliponiletea daftari la kaunta, tuliandika juu deni la 187,000, na kuanzia Agosti ile tukawa tunarudisha elfu kumi kila mwezi. Ilituchukua miezi kumi na tisa. Mwezi wa mwisho ilikuwa elfu saba, na yeye mwenyewe ndiye aliyepiga mstari.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwa mzazi ni daftari. Tarehe, aliyetoa, kiasi, na kilikwenda wapi. Ukikopa pesa ya mtoto, na kuna siku utakopa, andika kwamba umekopa. Mtoto akiugua usiku na huna kitu, chukua bila kuogopa, ndiyo maana ipo, lakini andika. Sisi Waislamu tunasoma katika Suratun Nisaa, aya ya 6, kwamba msimamizi wa mali ya yatima, akiwa anajiweza, ajizuie nayo. Akiwa fukara ale kwa kadiri ya ada. Na siku ya kuwakabidhi mali yao, pawe na mashahidi. Aya inazungumzia mayatima. Mimi huisoma na kujiuliza kama mtoto mwenye wazazi wote wawili hai astahili kulindwa pungufu ya hapo. Hilo daftari ni shahidi wangu.

Sasa, wapi pa kuweka? Kibubu kinafaa, hasa cha mbao kisichofunguliwa mpaka kivunjwe, kwa sababu mtoto anakiona, anakinyanyua, anasikia uzito. Lakini kisikae miaka. Jirani yangu mmoja alimwekea mjukuu wake 40,000 za akika ya mwaka 2009 chini ya sanduku la nguo, noti nne za elfu kumi za toleo la zamani. Benki Kuu ilipotangaza kwamba noti za zamani zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025, yeye alikuwa shamba na hakuzikumbuka. Alizitoa mwezi wa Mei, na hakuna aliyezipokea. Bibi wa watu alilia kweli. Na hata zingepokelewa, 40,000 ya mwaka 2009 ilikuwa na maana kubwa mno kuliko 40,000 ya sasa. Pesa iliyolala chini ya sanduku inaliwa na bei za vitu bila mtu kuigusa.

Kiasi kikishafika cha maana, kipeleke penye mlango wa kufungwa. Benki nyingi za Tanzania zina akaunti za watoto: CRDB wana Junior Jumbo, NMB wana Mtoto Akaunti. Asiyetaka riba anayo Amana Bank, iliyoanza mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu. Mzazi ndiye anayefungua kwa jina la mtoto, na utatakiwa cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo lile tangazo la kizazi la hospitali usiliache likaoza kabatini. Nenda RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, mapema. Kwa anayetazama mbali zaidi, UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, wana Mfuko wa Watoto ulioanzishwa mwaka 2008. Pale pesa hununua vipande vilivyo kwa jina la mtoto, na thamani ya kipande hubadilika kadiri uwekezaji unavyokwenda, kwa hiyo ni ya kuacha miaka, si ya kuchukua mwezi ujao. Sisi tuna akaunti ya benki kwa kila mtoto, na vipande kwa huyu mkubwa. Waulize wenyewe makato kabla hujasaini, maana kwa pesa ndogo makato ya kila mwezi yanaweza kumaliza kila kitu.

Isiwe yote ya kuweka, lakini. Hapa mimi na baba yake tulibishana sana. Yeye alitaka kila shilingi iende benki. Mimi nilisema mtoto ambaye hajawahi kushika pesa yake atajifunzia wapi? Akiwa chini ya miaka minne hajui, basi weka yote. Akianza kujua kuomba kitu dukani, mwachie sehemu, na ukishamwachia usimwongoze mkono. Sisi tuliafikiana robo.

Mwaka aliofikisha miaka minane tulikuwa Unguja kwa Idi. Robo yake ilitosha kununua vitu vitatu vinne. Alinunua baluni kubwa la umbo la samaki kwa karibu pesa yote, na kabla hatujatoka Mnazi Mmoja likapasuka. Alilia mpaka kwikwi. Nilikuwa nimeshafungua pochi nimnunulie jingine, mama yangu akanishika kiwiko. "Mwache, ni lake." Nikamwacha. Idi iliyofuata alikwenda akanunua baluni lilelile. Nilimtazama tu. Alilibeba juu juu mpaka nyumbani, akipita mbali na kila mwiba.

Kuna jambo la ndugu pia. Mkubwa huzunguka nyumba nyingi, mdogo habanduki mgongoni. Mmoja ana somo, yaani mtu aliyeitwa jina lake, mwenye uwezo, mwingine somo wake hana kitu. Mwisho wa siku mmoja ana elfu thelathini, mwingine elfu nne. Wazazi wengi huzichanganya na kugawa sawasawa, wakidhani wanaleta haki. Naomba msifanye hivyo. Umemnyang'anya mmoja kile alichopewa, na umemfundisha mwingine kwamba cha nduguye ni chake. Ukiona mdogo kapungukiwa mno, mwongezee kutoka kwako, na umwambie kimetoka kwako.

Na kama umeshatumia miaka yote hii, na mtoto ana miaka kumi na mbili na hajui kitu, anza na hizi zinazokuja. Mweleze kwamba zile za nyuma zililiwa na matumizi ya nyumba. Ukiweza kurudisha, rudisha. Usipoweza, mwambie huwezi. Nimewaona watoto wakipokea ukweli huo vizuri kuliko tunavyowaogopea. Wanachoshindwa kukipokea ni kuambiwa "ipo" kwa miaka, kisha wagundue kwa mdomo wa shangazi.

Idi ya safari iliyopita mama alikuja kukaa kwetu. Wajukuu walirudi kutoka kuzunguka, wakamwaga noti na sarafu kwenye mkeka, mkubwa akafungua daftari akaanza kuandika za kila mmoja. Mama alikuwa kwenye kiti akitazama, kimya. Mdogo kuliko wote akamfuata na sarafu yake ya mia tano, akamwekea kiganjani. "Bibi, niwekee." Mama aliifunga kwenye pindo la kanga, akamwita mkubwa. "Na hii uiandike," akasema. "Andika iko kwangu."