Mnyama wa darasani: niuti au viluwiluwi wa chura?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Sayansi katika shule ya msingi wilayani Ilemela, Mwanza. Nimesoma kwamba shule za Ulaya hufuga niuti, wale wanyama wadogo wanaofanana na mjusi, wa jamii ya salamanda, ili wanafunzi wajionee ukuaji wa amfibia. Sijawahi kufuga mnyama darasani. Je, ninaweza kuwapata huku kwetu, na nianzeje?

JIBU: Mwalimu, nia yako ni njema sana, lakini tunakushauri usiagize niuti. Hawapatikani kiasili popote kusini mwa Sahara, na wengi wao wanahitaji maji ya nyuzi joto 15 hadi 20. Chini ya bati la darasa la Mwanza, maji ya beseni hupita kiwango hicho kila mchana, na niuti anayekaa kwenye joto huacha kula, akadhoofika na kufa. Isitoshe, amfibia wa kigeni anaweza kuja na kuvu wa ngozi anayeua vyura.

Somo hilohilo utalipata kwa viluwiluwi wa chura, ambao huonekana madimbwini mvua zinapoanza. Ipo tofauti moja ya kuwaeleza wanafunzi: kiluwiluwi huota miguu ya nyuma kwanza na hatimaye mkia hutoweka, ilhali mtoto wa niuti hutanguliza miguu ya mbele, na mkia wake hubaki maisha yote.

Tunalokusisitizia zaidi ni kichocho. Usiwatume watoto ziwani wala dimbwini, hata kwa dakika tano, kwa kuwa konokono wa maji wa kanda hii hubeba vimelea vya ugonjwa huo, navyo hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote. Mtu mzima aliyevaa buti na glavu ndefu za mpira ndiye achote viluwiluwi kumi hivi kwa chujio lenye mpini, au mayai, ambayo kwa baadhi ya vyura hulala majini kama uzi wa ushanga mweusi ndani ya ute. Asichukue magugu, maana mayai ya konokono hushikamana na majani, wala maji ya dimbwi yasimiminwe kwenye beseni la darasani. Tumia maji ya bomba yaliyokaa wazi siku mbili ili klorini ipungue.

Walishe mchicha uliochemshwa, kipande kidogo tu, na mabaki yaondolewe jioni kabla maji hayajaoza. Kila baada ya siku mbili au tatu badilisha theluthi ya maji, na ufunike beseni kwa chandarua ili mbu wasitage humo. Miguu ya mbele ikichomoza, weka jiwe linalojitokeza juu ya maji, kwani chura mchanga asiye na pa kupanda huzama; wakati huo hali chakula, na si dalili ya ugonjwa. Kila anayegusa beseni anawe mikono kwa sabuni. Vyura wakikomaa, mtu mzima yuleyule awarudishe kando ya dimbwi walikotoka.