Msalaba kwenye upanga wa babu yako si wa wamisionari

Mkuu, umeuliza kama upanga alioacha babu yako kule Ukerewe uliletwa na wamisionari, kwa kuwa ubapani kuna duara lenye msalaba juu yake na mnyama kama mbwa. Mimi ni fundi wa visu na panga hapa Mwanza, na panga za namna hiyo nimeletewa mara kadhaa. Huo msalaba usikupeleke kanisani.

Duara lenye msalaba lilitumiwa na wafua panga wa Ulaya kwa karne nyingi. Mnyama ni mbwa mwitu anayekimbia, alama ya mji wa Passau, Ujerumani. Mafundi wa Solingen, mji mwingine wa Ujerumani wa wafua panga, walimchukua kwa sababu wanunuzi walishamwamini. Hao hao walichonga hata jina la Toledo, mji wa Hispania, kwenye vyuma vyao! Wahunzi wa Sudan nao waliiga alama za Ulaya. Kwa hiyo alama inakuonyesha muuzaji alitaka uamini nini. Chuma kilifuliwa wapi, hilo litafute kwingine.

Njia ya kufika kwetu inaeleweka. Vyuma vya Ujerumani viliuzwa hadi Oman na Zanzibar, vikatiwa mipini ya huko, na misafara ya pwani ilipita Tabora hadi Kagehi, ukingoni mwa ziwa. Mpelelezi Stanley alifika Kagehi 1875. Wamisionari wa kwanza wakaja 1877, biashara ya pwani ikiwa imeshatangulia.

Sasa chukua tochi, imulike alama kutoka ubavuni. Mbwa mwitu wa zamani kachongwa kwa mapigo machache ya patasi: mstari wa mgongo, miguu kama vijiti, kingo za mikwaruzo zimevimba kidogo. Ukiona njano imebaki ndani ya mstari, ni shaba iliyojazwa makusudi, usiichokonoe. Alama iliyoliwa na tindikali huwa bapa, haina uvimbe. Ukikuta limeandikwa neno Germany, huenda upanga ni wa baada ya 1887, Waingereza walipotunga sheria ya kudai nchi ya asili itajwe kwenye bidhaa za kigeni.

Tafadhali sana, msasa usiguse chuma hicho. Nimeona alama nzuri ikifutwa kabisa na mtu aliyetaka upanga ung'ae. Pangusa kwa mafuta mepesi na kitambaa laini, weka karatasi nyembamba juu ya alama, sugua kwa penseli, upige picha. Tuma na picha ya upande wa pili na ya shina la chuma kinapoingia kwenye mpini, ila mpini wenyewe usiung'oe.